Meno ya Wazee: Kung'oa Bure Hakutoshi



Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za bei, za mikarafuu inayokauka, za majamvi ya kuanikia na za wachumaji walioanguka mitini. Leo twaomba ruhusa yenu tuandike habari ya meno, na hasa meno ya wazee. Pengine atakuwapo atakayecheka na kuuliza karafuu na meno vina uhusiano gani. Tunamwomba asubiri kidogo, maana uhusiano upo, tena ni wa zamani.

Msimu wa korosho uliopita tulisafiri watu wawili kwenda Mtwara kuzuru jamaa. Tukafikia Mtawanya, nyumbani kwa mzee mmoja wa Kimakonde. Mzee huyu alipokuwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alivuka bahari akaja visiwani kutafuta kazi ya mashamba, kama walivyokuja vijana wengi kutoka pande zile za Ruvuma. Tulimkuta amekaa barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Karafuu hazijambo huko?"

Tukamwambia hazijambo, akafurahi. Uani wajukuu wake walikuwa wakikaanga korosho, na harufu yake ikajaa nyumba nzima. Punde zikaletwa katika sahani, moto moto, zimetiwa chumvi. Sisi tukaanza kula. Mzee akachukua fungu lake, akalitia katika kinu kidogo, akalitwanga taratibu mpaka likawa unga, kisha akaliramba kwa kijiko.

Alipoona tunamtazama akacheka. "Mikorosho hii yote mnayoiona nimeipanda mimi," akasema. "Lakini mwenye mikorosho ni kibogoyo. Ming'oko nayo, siku hizi naisikia harufu tu."

Tulimwuliza meno yake yalikwendaje. Akatueleza kwamba kila lilipouma jino alilitia karafuu, maumivu yakapoa, akaendelea na kazi zake. Lilipouma tena, akatia tena. Mwisho shavu likavimba, ndipo akaenda kutibiwa. "Bwana daktari akatazama, akasema hili la kung'oa. Sikupata kusikia neno jingine siku yoyote. Nilipotimiza miaka 60 nikaambiwa mzee halipi. Nikamshukuru Mungu. Basi yakang'olewa mengine manane, yote bure."

Alisema maneno hayo bila ya uchungu wala lawama. Lakini sisi yalitukaa moyoni njia nzima mpaka tulipofika kwetu, kwa kuwa tuliyoyaona Mtawanya tunayaona hapa kila siku. Ni wangapi miongoni mwa wazee wetu waliokwisha kuaga pweza? Ni wangapi ambao mihogo lazima ichemshwe mpaka ifanane na uji? Ni wangapi wanaofunika mdomo kwa kiganja wanapocheka kwenye harusi? Tukaona yafaa tulizungumze jambo hili chamani, maana si jambo la mzee mmoja.

WAZEE WAZIDI KUWA WENGI

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu zaidi ya milioni 61, na Zanzibar peke yake watu karibu milioni 1 na laki 9. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi ni zaidi ya milioni 3 katika nchi nzima. Ukilinganisha na vijana ni fungu dogo, hata hawafikii watu 6 katika kila 100. Lakini idadi yao yaongezeka kila mwaka, na kila mmoja wao anatarajia kuishi zaidi ya alivyoishi babu yake. Hiyo ni neema. Ila neema nayo huja na kazi zake: mtu akiishi miaka 80, meno yake nayo yatakiwa yaishi miaka 80.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya afya ya kinywa mwaka 2022. Lilisema kwamba watu wapatao bilioni 3 na nusu wana maradhi ya kinywa, na kwamba miongoni mwa watu wa miaka 60 na zaidi, karibu 23 katika kila 100 hawana hata jino moja. Basi mzee wetu wa Mtawanya hayuko peke yake. Akikaa barazani na wenzake watatu wa dunia hii, mmoja katika wanne hao yu kibogoyo kabisa.

Baadhi ya watu hudhani kwamba kung'oka meno ni sehemu ya uzee, kama mvi. La, sivyo. Mvi huja zenyewe. Meno huondoka kwa sababu, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuoza, ambako hutokana na sukari inayokaa kinywani na vijidudu vinavyoigeuza kuwa asidi. Ya pili ni ugonjwa wa fizi, ambao hula nyama na mfupa unaoshika jino mpaka jino likalegea kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Kwa mzee huongezeka mambo mengine. Fizi zikipanda juu, shina la jino hubaki wazi, nalo ni laini, huoza upesi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hukausha mate, na mate ndiyo maji yaoshayo meno usiku na mchana. Ugonjwa wa kisukari nao huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu huifanya sukari ya mwilini iwe ngumu kutuliza. Kila jambo katika hayo laweza kupunguzwa au kutibiwa mapema, likigunduliwa mapema.

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32. Matabibu wa meno wanasema mtu akibaki na meno 20 yaliyo mazima aweza kula karibu chakula chote bila ya taabu. Akishuka hapo, huanza kuchagua. Huacha nyama, huacha matunda magumu, huacha njugu na mboga za nyuzi nyuzi, akabaki na uji, chai na mkate uliochovywa. Mwili hupungua, na watu wa nyumbani husema ni uzee.

YALIYOANDIKWA NA YALIYOPO

Tusije tukasema kwamba Serikali zetu hazikufikiri. Zanzibar ilitangaza matibabu bila ya malipo tangu mwaka 1964. Kwa upande wa Bara, mpango wa taifa wa afya ya kinywa ulitungwa kwa miaka ya 1988 hadi 2002. Ikaja Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na ikafuatiwa na utaratibu wa mzee asiye na uwezo kutibiwa bila ya malipo. Hapa Zanzibar, kuanzia Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi huandikishwa kupata Pensheni Jamii. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 50,000. Mwaka huo huo wa 2023 zilipitishwa sheria kubwa mbili, ya Mfuko wa Huduma za Afya wa Zanzibar na ya Bima ya Afya kwa Wote kwa upande wa Bara.

Haya yote ni mema, nasi tunayashukuru. Lakini yatazameni kwa jicho la mkulima. Mtu akikwambia "nitakupa bure," swali la kwanza si bei, bali ni nini atakupa. Katika vituo vingi vya serikali nchini, kazi ya meno inayofanywa zaidi kuliko nyingine zote ni kung'oa. Zahanati nyingi za vijijini hazina mtu wa meno kabisa. Vituo vya afya vilivyo naye huwa naye mmoja, na akiwa na koleo na dawa ya ganzi lakini hana vifaa vya kuzibia, atafanya nini maskini? Atang'oa. Hospitali kubwa ziko mijini: Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, na kwetu ipo Mnazi Mmoja. Lakini jino huanza kuoza kijijini, na mgonjwa huhesabu nauli kabla ya kuhesabu maumivu. Akingoja mpaka maumivu yazidi nauli, jino limekwisha kuharibika.

Basi huyu mzee tunayemhurumia kwa kumwondolea malipo, twamwondolea malipo ya kitu asichokitaka. Alichokitaka ni jino lake lizibwe lilipokuwa na tundu dogo, na likishindikana, apewe meno ya kuwekwa ale chakula. Kung'oa bure ni msaada kwa mwenye maumivu ya usiku huo. Kwa maisha yake yaliyobaki si msaada uliokamilika.

USIPOZIBA UFA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapana methali inayolingana na jino kama hii. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi. Likiachwa hufika kwenye mshipa, hapo huhitaji matibabu marefu ya ndani ya jino, au kung'olewa. Likishang'olewa, meno ya jirani hulala kuelekea pengo, la upande wa pili hurefuka, na kutafuna huharibika upande mzima. Mwisho ni ukuta, yaani meno ya bandia, ambayo fundi huyatengeneza kwa kipimo, na mgonjwa hurudi mara kadhaa mpaka yamkae.

Tutaulizwa: je, kuziba jino hakuhitaji umeme, mashine ya kutoboa, kiti cha kupandisha na kushusha, na daktari kutoka mjini? Watu wengi huamini hivyo, na hapa ndipo tunapotaka kuwapa wanachama habari ambayo pengine hawakuisikia.

Iko njia ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono tu. Tabibu huondoa sehemu laini iliyooza kwa kijichombo chenye ncha mfano wa kijiko kidogo sana, kisha hujaza tundu kwa dawa inayonata kwenye jino lenyewe na kutoa madini ya floridi pole pole. Haihitaji umeme, haina mlio wa kutisha, na mara nyingi haihitaji hata sindano. Mgonjwa aweza kulazwa juu ya meza ya shule. Njia hii haikuletwa kwetu kutoka Ulaya. Ilianzishwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi za afya ya kinywa vijijini zilizofanywa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliyeiongoza ni daktari wa Kiholanzi, Jo Frencken. Baadaye ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo yatumika katika nchi nyingi za dunia. Na mwaka 2021 dawa hiyo ya kuzibia, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi na dawa moja ya maji inayopakwa juu ya tundu ili kusimamisha kuoza, ziliingizwa katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika hilo.

Ndugu wanachama, tulipoyajua haya tulijiinamia. Njia iliyozaliwa nchini mwetu imezunguka dunia, na mzee wa Mtawanya hakupata hata siku moja kuambiwa kwamba ipo.

MFANO WA WAJAPANI

Wajapani ni watu walioingia katika uzee kama taifa kabla ya wengi. Mwaka 1989 Serikali yao na chama chao cha madaktari wa meno walianzisha kampeni waliyoiita "8020," maana yake: mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20. Wakati ule ilikuwa kama ndoto, kwa kuwa mzee wa miaka 80 mwenye meno 20 alikuwa chini ya mmoja katika kumi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 ilionyesha kwamba nusu ya wazee wa umri ule wamefika.

Walifanya nini? Hawakutumia uganga. Waliweka shabaha ambayo kila mtu aweza kuihesabu kwa ulimi wake mwenyewe kinywani. Wakapima watu kwa ratiba, tangu watoto mpaka wakubwa, wakatibu mapema, wakafundisha kupiga mswaki. Nchi yetu si tajiri kama Japani, lakini shabaha haina bei. Hata sisi wakulima twajua: mwenye shamba asiyehesabu miti yake hajui ni mingapi iliyokauka mpaka mavuno yapungue.

KARAFUU YETU KINYWANI

Sasa tumjibu yule aliyeuliza uhusiano wa karafuu na meno. Karafuu kavu, ukiikamua kwa mvuke, hutoa mafuta yapatayo sehemu 15 hadi 20 katika 100 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujino, kitu kile kinachotuliza maumivu na kuua vijidudu. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, hutoa mafuta ya namna hiyo kwenye makonyo na majani. Tangu karne ya 19 madaktari wa meno wamekuwa wakichanganya yujino na unga wa zinki kupata saruji ya kuzibia jino kwa muda na kutuliza mshipa. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno, London au Bombay, ni harufu ya shamba letu.

Kwa hiyo sisi twauza dunia dawa ya meno, na wenyewe twatembea na mapengo. Tena hii karafuu yetu, kwa kuwa tunayo bure mlangoni, imekuwa moja ya sababu za kuchelewa kutibiwa. Jino likiuma, karafuu. Likipoa, tunasahau. Karafuu hutuliza maumivu, haizibi tundu. Anayetuliza jino kwa karafuu mwaka mzima ni kama aliyefunga mdomo wa mlinzi aliyekuwa akipiga kelele za mwizi, akarudi kulala.

Na mafuta yake yaliyokamuliwa yana hatari ya peke yake. Ni makali, huunguza fizi na ulimi yakitiwa mengi, na mtoto mdogo akiyameza yaweza kumdhuru ini. Ukiyatumia, tone moja kwenye pamba, juu ya jino lenyewe, usiku ule wa maumivu tu. Asubuhi nenda kituoni.

PINGAMIZI MOJA

Tulipolizungumza shauri hili na baadhi ya wanachama, mmoja alisema neno ambalo si la kupuuzwa. Alisema: "Fedha ni chache. Watoto wana homa, akina mama wajawazito wanahitaji damu, nanyi mwataka meno ya vikongwe?"

Twajibu hivi. Kwanza, jambo kubwa tunaloliomba, yaani kuziba mapema kwa vyombo vya mkono, lawafaa watoto kwanza. Mtoto wa leo atakayezibwa jino lake ndiye mzee wa mwaka 2090 atakayekuwa na meno. Pili, jipu la jino si maradhi madogo. Huweza kushuka shingoni likazuia pumzi na kuua, na kumlaza mtu hospitalini kwa ajili yake hugharimu zaidi ya kulizuia. Tatu, mzee asiyekula hudhoofika, na mzee dhaifu huhitaji mtu wa kumwuguza, na mtu huyo aghalabu ni binti au mkwe aliyeacha shamba. Gharama ipo tayari, ila haijaandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Hata hivyo twakiri kwamba meno ya bandia ni ghali kuliko kuziba, na kwamba kinga ya leo haimrudishii jino aliyekwisha kulipoteza. Ndiyo maana sera yoyote ya meno kwa taifa linalozeeka lazima iwe na miguu miwili: mmoja wa kuzuia vibogoyo wapya, na mmoja wa kuwapa vibogoyo waliopo meno ya kulia. Mwenye mguu mmoja huchechemea.

TUNAYOYASHAURI

Kwa hiyo twaleta mbele ya matawi yote mashauri manne, yajadiliwe kabla ya mkutano wa mwaka.

La kwanza, kila tawi lihesabu wanachama wake wa miaka 60 na zaidi, liandike ni wangapi wenye meno 20 au zaidi, wangapi wenye pungufu, na wangapi wasio na hata moja. Kazi hii haihitaji daktari. Yahitaji karatasi, kalamu na adabu, kwa kuwa mzee hakaguliwi kinywa mbele za watu. Pasipo hesabu hatutasikilizwa na afisa yeyote.

La pili, kwa hesabu hiyo twende kwa masheha na wakuu wa afya wa wilaya, tuombe kwamba kila kituo cha afya kiwe na siku yake ya meno katika mwezi, ambayo tabibu wa meno atakuja na vyombo vya mkono vya kuzibia, asije na koleo peke yake. Chama chaweza kusaidia kwa usafiri katika siku hizo, na kwa kutangaza misikitini na vituoni wakati wa kuuza karafuu, ambapo watu hukusanyika wenyewe.

La tatu, panapozungumzwa mafungu ya matibabu yatakayolipiwa na mfuko wa afya, sauti yetu isikike ikisema: meno ya bandia kwa wazee wasio na meno yawe humo. Mtu asiyeona hupewa miwani, wala hatuiti miwani kuwa ni pambo. Asiyeweza kutafuna naye ana haki yake. Pensheni humsaidia mzee kununua samaki, lakini haimsaidii kumtafuna.

La nne, kila nyumba ianze leo, bila ya kungoja Serikali. Meno yasafishwe mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Mswaki wa mti waliotuachia wazee wetu ni mzuri ukitumiwa sawasawa, kila upande wa jino, taratibu, bila ya kuchubua fizi. Chai ipunguzwe sukari, na vitu vitamu viliwe wakati wa chakula, si siku nzima. Tambuu tunaipenda, tumeikuta, lakini tusifichane: popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kulithibitisha hilo mwaka 2004. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilotoka, si la kungoja, hata kama haliumi. Na mwenye meno ya bandia ayavue usiku na kuyaosha, kwa kuwa fizi nazo zahitaji kupumzika.

NENO LA MWISHO

Mkarafuu hukaa miaka sita au saba hivi kabla ya kumpa mkulima chochote, kisha humlisha yeye, na mwanawe, na mjukuu wake. Hapana miongoni mwetu anayeona tawi moja lina ugonjwa akaukata mti mzima. Hukata pale palipoharibika, akapaka dawa, akautazama tena mwezi wa pili. Huo ndio utunzaji tunaoutaka katika vinywa vya wazee wetu.

Tulipoagana na mzee wa Mtawanya alitutilia korosho katika mfuko tumletee mama yetu mmoja mzee aliyepata kujuana naye huku visiwani siku za ujana wao. Tukamfikishia. Mama akaufungua mfuko, akanusa, akacheka. Kisha akamwita mjukuu wake amletee kinu.

Wanachama wenye maoni wayapeleke kwa makatibu wa matawi yao.